Mchinjaji Aliyesoma Mafundo

Ukimwamkia mchinjaji wetu akiwa ameshika kisu, haitikii. Atakuangalia tu, atainama akilaze kisu juu ya saruji, ajifute mkono kwenye koti lake, ndipo aseme, "Marahaba, hujambo?" Wageni waliokuja mnadani walidhani ana majivuno. Sisi wa Kinyangiri tulijua kwamba kwake salamu na kisu havikai mkono mmoja, basi tulingoja. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa na haraka zangu, nimesimama pale machinjioni asubuhi nyingi na bakuli langu la kununulia utumbo, shikamoo nimeshaitoa, nangoja tu jibu.

Nataka kumsema huyu mzee, na nataka kusema kweli, maana uongo umeshasemwa wa kutosha, na mmoja ulisemwa kwa ajili yangu. Mimi nina kibanda pale sokoni: chumvi, sukari, majani ya chai, mafuta ya alizeti ya kupima. Wananiita Mama Upendo. Nina mdomo, sikatai. Mtu akiniletea maneno ya shombo anaondoka nayo yakiwa yameongezeka. Lakini iko siku moja mdomo huu ulitakiwa kusema maneno mawili tu, na ukakaa kimya kama wa mtu mwingine.

Nianze na mikono yake. Ilikuwa mikubwa, ya kutisha, lakini ukiiona ikifanya kazi ungesema ni ya mkunga. Ng'ombe hakuwahi kuona kisu chake. Alikificha nyuma ya mgongo, akamsogelea mnyama kwa ubavuni akimpapasa shingo na kumsemesha kwa Kinyiramba, polepole, maneno ambayo watu walimuuliza sana ni yapi naye hakuwahi kuyasema. Halafu bismillahi, na kwisha. Alinoa kisu kila jioni, hata jioni ambayo kesho yake hakuna kuchinja. "Kisu butu ni dhambi," alisema. "Dhambi ya mvivu." Na huyo huyo mchinjaji hakula maini. Nyama nyingine alikula bila wasiwasi, ila maini akiyaona kwenye sahani aligeuza uso kama mtoto aliyeonyeshwa dawa. Vijana walimcheka, naye aliwajibu, "Nyie mmeyaona yameiva. Mimi nimeyashika yakiwa ya moto bado."

Alikuwa na pengo mbele, meno mawili ya juu hayapo. Alikuwa na tabia ya kuchana kila kitu kwa meno, na pengo lake hilohilo, kamba, karatasi, kifuko cha chumvi, hata kisu kikiwa kiunoni mwake. Na kwa sababu ya lile pengo alichana vibaya. Kona ya kifuko ilikatika huku na huku, katikati panabaki kaulimi kanakoning'inia. Nilikuwa namtania, "Mzee, hata panya anatafuna vizuri kuliko wewe." Anacheka, anakuonyesha pengo lenyewe. "Panya ana meno yake yote," anasema.

Sasa uzio wake. Kule machinjioni kulikuwa na uzio wa seng'enge, na kazi ya kufungua lile tumbo kubwa wanaloliita taulo, kazi ambayo wachinjaji wengine huwaachia wanawake wa kuosha utumbo, yeye aliifanya kwa mkono wake. Alichokikuta mle alikiosha na kukianika kwenye seng'enge. Mfuko wa rambo mweusi. Mfuko wa rambo wa bluu. Kipande cha ndala. Kamba za nailoni. Siku moja soksi. Upepo wa huku kwetu mnaujua, haupumziki; basi mifuko ile ilipepea pale wiki nzima na watu wakapaita kwa mchinjaji "kwenye maonyesho". Akiulizwa anaanikia nini uchafu, alijibu, "Ng'ombe hana siri. Ukimfungua anasema kila kitu mlichotupa."

Na hapo ndipo alipojulikana mpaka vijiji vya jirani. Alikuwa anayajua mafundo. Sisi wauzaji wa rejareja kila mmoja anafunga vifuko vyake kwa namna yake, na mteja akifika nyumbani hafungui fundo, nani ana muda huo? Anachana kona, anamimina, anatupa. Fundo linabaki limefungwa vilevile, mpaka jalalani, mpaka tumboni mwa ng'ombe. Mchinjaji alilishika fundo, akaligeuza kwenye jua, akasema, "Hili la yule mama wa dagaa, anafunga kwa mkono wa kushoto. Hili la muuza ubuyu, ana papara, ona." Watu wakalipeleka kwa wenyewe kuhakikisha. Hakuwahi kukosea. Watu walimtania kwamba akachukue kazi ya upelelezi, naye alijivunia macho yake kuliko kitu chochote alichokuwa nacho duniani. Alikuwa anaweza kukuambia ng'ombe aliye ng'ambo ya korongo ni wa nani kwa kuangalia anavyonyanyua mguu.

La kwangu fundo alilipenda. Nilifundishwa na mama yangu: unazungusha mara mbili, unapenyeza mkia, unavuta, halafu unaung'ata mkia ubaki mfupi. Hata ukikidondosha kifuko toka juu ya baiskeli, hakitoi punje. "Chumvi ya Mama Upendo haimwagiki," ndivyo walivyosema, na mimi kichwa kikawa kikubwa. Mchinjaji alinunua kwangu vifuko viwili kila siku ya mnada. "Kimoja cha nyumbani," anasema, "kingine cha bibi mwenye pembe."

Bibi mwenye pembe alikuwa ng'ombe wake. Mtu anayechinja wiki nzima alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, na huyo usingemgusia habari ya kumuuza. Mke wake alipopata kiharusi upande mmoja ukafa, na koo nalo likawa shida; ugali haupiti, nyama haipiti, kilichopita ni maziwa na uji mwepesi. Basi mzee alikamua asubuhi, akachemsha mwenyewe, akamnywesha mkewe kwa kijiko huku akimsimulia nani kapita machinjioni na nani kagombana na nani. Nimemkuta hivyo mara nyingi. Alikuwa anamfuta mkewe kidevu kwa ile mikono.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi kupindukia, na kwenye suala la mifuko alikuwa kigeugeu wa kutupwa. Mtu huyu aliyeilaani rambo machinjioni alikuwa ameivika tandiko la baiskeli yake, mfuko mweusi umefungwa chini kwa mpira. Redio yake ilikaa kwenye rambo. Kofia yake ya msikitini ilikaa kwenye rambo, tena safi, imekunjwa vizuri. Mvua ikinyesha alijivika moja kichwani akapita sokoni bila haya. Nikimwambia, "Mzee, si unaichukia?" ananijibu, "Naichukia ikiwa tumboni. Kichwani haina neno." Nilicheka mpaka machozi.

Halafu marufuku ikaja. Kwanza ilikuwa mifuko ya kubebea, na sisi wenye vile vifuko vyembamba vya kupimia tukasema haituhusu. Baadaye ikasemwa na hivyo pia. Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano, na ule mkutano, jamani, ulikuwa moto. Mama mmoja aliuliza nyama ataibebea kwenye nini, na damu inavyochuruzika. Mwingine alisema tuuze mifuko mbadala, mteja alipie. Nikasimama mimi. "Mtu anakuja kununua chumvi ya mia," nikasema, "nimuuzie na mfuko wa mia mbili? Hapo amekuja kununua chumvi au amekuja kununua mfuko?" Watu walicheka, wakapiga makofi. Nikanogewa. "Na hilo gazeti mnalolisema, chumvi inalowana, mtu anafika nyumbani na habari za michezo zimeungana na mboga. Nitamwekea kiganjani?"

Makofi tena. Mchinjaji akasimama nyuma kabisa, akangoja yaishe. "Mama Upendo anasema kweli," akasema. "Gazeti linalowana. Lakini ng'ombe anafuata chumvi. Ukimaliza kumimina, pembeni zinabaki punje. Ng'ombe hajui hiki ni kifuko na hii ni chumvi. Analamba vyote."

Nikamjibu palepale, "Basi wenye ng'ombe wachunge ng'ombe zao!" Watu wakacheka zaidi, na yeye akakaa. Nilikwenda nyumbani nimejaa kiburi cha mshindi. Vifuko vyangu nilivyobaki navyo nikavificha chini ya gunia la maharage, nikaendelea kuwafungia chumvi wale ninaowajua, nao walivitia chini ya khanga haraka. Mchinjaji alikuwa mmoja wao. Viwili kila mnada kama zamani. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Tuliangaliana tu, akaondoka.

Bibi mwenye pembe alianza kukataa mashudu ya alizeti. Halafu akakataa majani. Ubavu mmoja ukavimba, mgongo ukakonda, maziwa yakapungua mpaka yakawa ya kijiko. Mzee alimpa dawa zote alizozijua na zile za bwana mifugo wa kata. Asubuhi moja ng'ombe akalala hanyanyuki, na mzee akajua kwamba akingoja atakuwa mzoga. Akamchinja mwenyewe. Waliokuwepo walisema alikificha kisu mgongoni vilevile, akamsemesha vilevile, ila safari hii alichukua muda mrefu.

Wiki hiyo kulikuwa na mkutano mwingine. Akaja amebeba beseni. Akaliweka juu ya meza ya mtendaji, na ndani yake kulikuwa na bonge kubwa kama boga, mifuko iliyosokotana. "Haya ndiyo maziwa ya mke wangu," akasema. Hakuna aliyecheka. Akaingiza mkono akachomoa kimoja, kifuko chembamba, kidogo, fundo bado limefungwa.

Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nililiona. Mizunguko miwili, mkia umepenyezwa, umeng'atwa mfupi. 

Mtendaji akamwambia, "Mzee, wewe mafundo unayajua. Hili la nani? Sheria ipo, huyu mtu lazima awajibike."

Mchinjaji akalinyanyua kwenye mwanga kama kawaida yake. Akaligeuza. Akaangalia ile kona iliyochanwa, muda mrefu. Halafu akanyanyua macho akanitazama mimi, moja kwa moja, na kwenye macho yale hakukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Silijui," akasema.

"Vipi hulijui?"

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Silioni."

Ilinipasa nisimame. Nusu ya kijiji walikuwa wanakijua kifuko changu, lakini kutoka pale walipokaa hakuna aliyeliona fundo; ni yeye na mimi tu. Ningesema, "Ni langu." Maneno mawili. Nilitazama viatu vyangu. Nikajiambia nitakwenda kwake jioni nimwambie, nikajiambia nina watoto, nikajiambia na wengine pia wanauza. Mtu akitaka kukaa hakosi kisingizio. Nilipofika nyumbani nilivitoa vifuko vilivyobaki chini ya maharage, nikavitumbukiza vyote chooni.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hiki hakuna aliyekifikiria, hata yeye. Bwana mifugo alikuwa pale mkutanoni. Siku mbili baadaye akamfuata mzee, kwa heshima zote, shikamoo kwanza, akamwambia, "Mzee, umesema mwenyewe mbele ya watu kwamba macho yamefifia. Mtu asiyeona vizuri hatuwezi kumwachia kisu. Utajikata, au utamtesa mnyama." Na mzee angesema nini? Kwamba alidanganya? Angeulizwa alidanganya kwa ajili ya nani. Akakivua kisu kiunoni akakikabidhi na kinoo chake. Kisu akapewa kijana mmoja wa Misigiri, fundi kweli, mwenye adabu, lakini yeye mifuko haianiki. Uzio ukabaki mtupu.

Watu ni watu. Wakaanza kumshika mzee mkono kumvusha barabara. Watoto wakawa wanamwambia, "Babu, hapo pana jiwe," jiwe ambalo alilijua kabla mama zao hawajazaliwa. Walimtania, "Hili fundo la nani, mzee?" wakimwonyesha kitambaa kitupu. Yeye aliyejivunia macho kuliko chochote alitikisa kichwa na kusema hayaoni. Alikubali kushikwa mkono. Nilimwona hivyo nikiwa kibandani kwangu, nikainama chini kana kwamba kuna kitu nimedondosha.

Mkewe alifariki mwaka uliofuata. Kabla ya hapo majirani walikuwa wanamchangia maziwa, na mimi nilipeleka, wala sijisifu, nilipeleka kila asubuhi mpaka mwisho. Yeye alipokea kopo mlangoni, akaniambia, "Asante, Mama Upendo," na mimi nikakimbia kabla sijaulizwa habari za nyumbani. Watu walisema, "Mama Upendo ana moyo." Weee! Wangejua. Kila sifa ilikuwa kama wananiwekea pilipili kwenye kidonda. Msibani nililia kuliko ndugu, mpaka shemeji yake akanibembeleza.

Siku hizi chumvi naifunga kwenye gazeti, na inalowana kama nilivyosema. Biashara haijafa. Watu wanakuja na vikopo vyao kutoka nyumbani, jambo ambalo tungeweza kulifanya toka mwanzo kama mimi nisingekuwa hodari wa kuchekesha watu mkutanoni.

Juma lililopita nikaamka nikasema basi. Nikachukua chumvi, nikaifunga kwenye gazeti, nikaitia kikapuni pamoja na majani ya chai, nikaenda kwake mchana kweupe. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, anashona gunia. Ile baiskeli imeegemea ukuta, tandiko bado limevaa rambo, iliyochakaa mpaka ikawa ya kijivu.

"Shikamoo mzee."

Akaiweka sindano chini kwanza. "Marahaba, Mama Upendo. Hujambo?"

"Sijambo." Nikatoa chumvi. Gazeti lilikuwa limelowana pembeni, punje zimejaa kikapuni. Akaliangalia akacheka, pengo lilelile.

"Ya zamani ilikuwa haimwagiki," akasema.

Hapo machozi yakanitoka, bila kupanga. Nikamwambia yote. Kwamba fundo lilikuwa langu, kwamba nililiona, kwamba nilikaa. Kwamba kisu chake nimekichukua mimi kama vile nimekiiba.  Nilipomaliza akaingia ndani, akatoka na ile rambo ya kofia ya msikitini. Akatoa kofia, na chini yake akatoa kifuko, kikavu, kimekunjwa vizuri. Akanipa.

"Ulisoma fundo," akasema. "Soma na kona."

Nikaisoma. Imekatika huku na huku, na katikati kaulimi kanakoning'inia.

"Wewe ulifunga," akasema. "Mimi nilichana, nikamimina kwenye kihori, nikakidondosha palepale. Siku zote nilikuwa navitia mfukoni. Siku hiyo mama watoto aliniita ndani, amepaliwa, nikakimbia. Mle tumboni vilikuwamo vya kila mtu. Lakini nilichokichomoa mbele ya watu kilikuwa hicho. Ningelitaja fundo lako, ningebaki nimeificha kona yangu. Nikashindwa yote mawili."

 Nilidhani nitapata nafuu kusikia kwamba si mimi peke yangu, na sikuipata. Yeye alikuwa ameshalipa kwa kisu na kwa macho yake, tena mazima. Mimi nilikuwa sijatoa kitu.

Akakaa, akachukua sindano na uzi. Akalamba ncha ya uzi, akanyoosha mkono mbele, akaupenyeza tunduni mara moja tu, bila kukunja uso.

"Unaona," nikasema.

"Naona."

"Basi waambie, mzee! Miaka yote hii wanakushika mkono barabarani!"

"Nikiwaambia wataniuliza kwa nini nilidanganya. Sitakutaja. Ukitaka utajwe, una mdomo." Akachoma gunia, akavuta. "Mimi nilidanganya siku moja, Mama Upendo. Wewe unanyamaza kila siku ukiamka. Kati yetu, nani amechoka zaidi?"

Kifuko kilikuwa bado mkononi mwangu. Nililishika fundo kwa vidole, lilikuwa gumu, halijalegea hata kidogo.

"Mimi, mzee."

"Haya," akasema, akakata uzi kwa meno. "Mkutano ni Alhamisi."